Lipiko Ni Lile Lile, Mchezaji Ni Mwingine
Hotuba kwa wanakwaya, walimu na vijana wa maigizo, Mtwara

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa kwaya mliotoka Ndanda na Masasi, wazee wetu wa Mikindani, vijana wa jukwaani: shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Tumeombwa kuzungumzia opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na okestra, na tumekwisha kuona nyuso mbili tatu zikikunjamana. Basi tuanzie kwenye mapiko, ngoma yetu ya vinyago, ambayo kinyago chake kimoja ni lipiko. Mtu wa Newala anapokwenda kutazama mapiko haendi kuuliza kisa. Mdundo anaujua, nyimbo anazijua, kinyago cha mzee mwenye ndevu amekiona tangu utotoni. Anachofuata ni mchezaji wa leo: mabega anayatikisaje, anasimama wapi ngoma inapokata, ameongeza kitu gani ambacho mwaka jana hakikuwapo. Njia nzima ya kurudi nyumbani anabishana na wenzake juu ya hayo. Opera ya zamani hutazamwa vivyo hivyo. Kisa kinajulikana, nyimbo zinajulikana, na mwisho unajulikana pia. Mara nyingi mwanamke anakufa. Kinachobadilika ni namna watu wawili wanavyoishika kazi, yaani anayepanga jukwaa na anayeongoza muziki. Nyuma yao yuko wa tatu, mwandishi wa hadithi ambayo opera ilichota kwake. Ukiwafuatilia hao watatu, opera moja itakutosha mwaka mzima.

Kiswahili kinatutega kidogo hapa. Filamu ina mwongozaji, okestra nayo ina mwongozaji, na ukisema kondakta, ukumbi mzima utafikiria daladala. Leo anayepanga jukwaa tutamwita dairekta, kama vijana wa filamu wanavyosema, na anayesimama mbele ya wapiga ala tutamwita mwongoza okestra. Wanakwaya, huyo wa pili mnamjua. Ni mwalimu wa kwaya mwenye wapiga ala 60 au zaidi mbele yake, kwenye shimo lililo chini ya jukwaa, na waimbaji juu yao. Naye hawezi kusimamisha wimbo katikati ili awagombeze watu wa sauti ya tatu.

Mgeni wa opera hukosea kwa kuonja opera kumi, dakika tano tano, zile nyimbo zenye sifa tu. Ni kama kula bizari peke yake. Wengine huanza na Wagner, mtunzi Mjerumani: mfululizo wake wa Pete ni opera nne zenye muziki wa saa 15 hivi, na wengi wakitoka hapo hawarudi tena. Chukua moja, ya saa mbili na dakika chache, ukae nayo miezi miwili. Sisi tunawapa La traviata ya Giuseppe Verdi, mtunzi wa Italia, kwa maneno ya Francesco Maria Piave, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice tarehe 6 Machi 1853.

Kisa chake kinaenea kwenye kiganja. Violetta Valéry ni mwanamke wa Paris anayetunzwa na mabwana wenye fedha, na kifua kikuu kinamla. Kijana Alfredo Germont anampenda kweli, wanahamia shamba. Siku Alfredo hayupo, baba yake anafika na ombi: mwache mwanangu, kwa sababu posa ya binti yangu itavunjika watu wakijua kaka yake anaishi na wewe. Violetta anakubali, wala hamwambii Alfredo sababu. Alfredo anamfuata kwenye karamu na kumtupia fedha mbele ya watu kama malipo. Anapojua ukweli na kurudi, Violetta amebakiwa na saa chache tu. Posa, jina la ukoo, fedha hadharani: hakuna mtu wa mwambao atakayehitaji kufafanuliwa.

Sasa tumfikie mwongoza okestra, maana kazi yake ndiyo ngumu kuiona na ndiyo yenye utamu mwingi. Anzeni na utangulizi wa tendo la kwanza, kabla pazia halijafunguka. Fidla zimegawanywa katika mafungu, zinapigwa juu sana na kwa sauti ndogo sana, kama pumzi ya mgonjwa. Huo ni muziki wa kifo. Tutaukuta tena mwanzoni mwa tendo la mwisho. Halafu unakuja wimbo mpana wa mapenzi, ule ambao Violetta ataulilia katika tendo la pili. Unaporudiwa na ala za chini, fidla zinaanza kurukaruka juu yake, na hiyo ni Violetta wa karamu. Verdi ametusimulia maisha yake kinyumenyume, kifo kwanza, halafu mapenzi, halafu anasa, kabla mtu hajafungua mdomo.

Chukueni rekodi mbili za utangulizi huo na saa ya simu. Kuna waongoza okestra wanaoumaliza kwa dakika tatu na nusu, na wengine wanavuka nne. Ukitaka undani zaidi, hesabu mapigo katika sekunde 15, zidisha kwa nne, upate mapigo ya dakika. Fanya hivyo mahali fidla zinapoanzia na tena kwenye wimbo wa mapenzi. Utagundua kuwa mwingine anakwenda mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, na mwingine anavuta pale kwenye mapenzi kama anayesita kuuacha mkono wa mtu. Arturo Toscanini, katika matangazo ya redio ya NBC ya mwaka 1946, anakwenda kwa kasi na mkono mkavu. Karamu yake haina nafasi ya kuvuta pumzi. Carlos Kleiber, katika rekodi ya Munich ya 1976 na 1977 akiwa na Ileana Cotrubas na Plácido Domingo, anaubana muziki halafu anauachia ghafla. Maoni yetu: anzeni na Kleiber, kisha mwendeeni Toscanini mtakapokuwa mmeizoea opera yenyewe. Mkianza na Toscanini mtadhani hiyo ndiyo kasi ya kawaida.

Mahali pa pili pa kupimia ni tendo la pili, Violetta anapomuaga Alfredo bila kumwambia kwamba anamuaga. Anamwambia maneno machache tu, "nipende, Alfredo, nipende kama nikupendavyo". Okestra inatetemeka chini, inapanda, halafu inafunguka yote kwa mara moja. Wimbo wenyewe ni mfupi sana. Mwongoza okestra akiwaruhusu wapiga ala wafikie kilele mapema, mwimbaji anapofika pale juu hakuna mahali pa kwenda, na msikilizaji anabaki na kelele. Walimu wa kwaya mnaujua ugonjwa huu: kwaya iliyomaliza nguvu kwenye ubeti wa pili.

Mwongoza okestra ana kisu pia. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida kukata ubeti wa pili wa wimbo wa Violetta wa kuiaga dunia, wimbo wa kasi wa Alfredo mwanzoni mwa tendo la pili, na wimbo wa baba yake unaofuata ule maarufu wa kumkumbusha kijana nyumbani kwao Provence. Kwa hiyo rekodi mbili zikitofautiana kwa dakika kadhaa, usikimbilie kusema mmoja alikuwa na haraka. Angalia kwanza nini kimekatwa. Nota za Verdi zinapatikana bure mtandaoni katika maktaba ya Petrucci, na mtu anayesoma nota za kwaya anaweza kuzifuata kwa kidole baada ya kujaribu mara mbili tatu.

Upo pia ugomvi wa noti za juu. Mwishoni mwa tendo la kwanza waimbaji wengi huongeza noti ya juu kabisa ambayo Verdi hakuiandika, na watazamaji huisubiri kama watu wanavyosubiri goli. Mwongoza okestra Riccardo Muti anashika msimamo wa kuimba kilichoandikwa. Desemba 2000, ukumbi wa opera wa La Scala, Milan, ilifungua msimu kwa Il trovatore ya Verdi chini yake, na mwimbaji Salvatore Licitra hakuitoa ile noti ya juu ambayo mapokeo yameiongeza kwenye wimbo wa vita wa tendo la tatu. Watu wa roshani za juu walimzomea. Nani alikuwa na haki? Kwenye karatasi, Muti. Lakini msiwacheke sana wale wa roshani: hata hapa mpiga ngoma akiacha ule mkato ambao kila mtu anaungoja, atasikia.

Kwa dairekta tutakaa kidogo pia, maana hapo ndipo watu hugombana kwa sauti. Swali la kwanza huwa: kwa nini wamevaa suti wakati kisa ni cha karne ya 19? Jibu lake liko kwenye onyesho la kwanza lenyewe. Verdi alitaka waimbaji wa 1853 wavae nguo za 1853, kama watazamaji wao. Venice ilikataa, kisa kikarudishwa nyuma hadi mwaka 1700 hivi, kwa mawigi. Usiku ule haukwenda vizuri. Soprano aliyeimba Violetta alikuwa na mwili mkubwa, na watazamaji walishindwa kumwamini kama mgonjwa wa kifua kikuu. Verdi aliwaandikia rafiki zake kwamba imeanguka, na wakati ndio utakaoamua kosa ni la nani. Mei 1854, hapo hapo Venice, katika ukumbi mwingine na baada ya kurekebishwa kidogo, ikashangiliwa. Kwa hiyo dairekta anayewavisha waimbaji nguo za leo yuko karibu zaidi na alichokitaka Verdi kuliko anayejaza jukwaa mapazia ya kale.

Mfano wa kutazama ni La traviata ya dairekta Willy Decker, Salzburg, 2005, wakiimba Anna Netrebko na Rolando Villazón, okestra ikiongozwa na Carlo Rizzi. Hakuna samani za Paris. Kuna ukuta mweupe uliopinda, saa kubwa, Violetta katika gauni jekundu, na kundi la waimbaji, wanaume kwa wanawake, wote wamevaa suti za kiume. Daktari, ambaye kwa kawaida ana sehemu ndogo tu, hasa mwishoni, hapa yupo tangu mwanzo, mzee kimya anayengoja. Utangulizi ule wa fidla unapopigwa, Violetta anamwendea yule mzee polepole. Kumbukeni tulichosema: Verdi alianza na muziki wa kifo. Decker hakubuni jambo jipya. Alilisikia kwenye fidla akalisimamisha jukwaani. Hicho ndicho kipimo tunachowapa. Msiulize kama nguo ni za zamani au za sasa. Fumbeni macho dakika moja, msikilize okestra inasema nini, kisha fumbueni. Kama jukwaa na okestra vinasema jambo moja, au vinapingana na unaona sababu ya kupingana, kazi ni nzuri. Kama vinapishana tu kama watu wawili wanaoongea na simu chumba kimoja, mna haki ya kununa.

Wapo waliofanikiwa kwa njia ya mbali zaidi. Mwaka 1982 Jonathan Miller aliihamisha Rigoletto ya Verdi hadi New York ya miaka ya 1950, kati ya majambazi wa Kiitalia, na ule wimbo maarufu wa kuwasema wanawake vigeugeu ukatokea kwenye mashine ya santuri ya baa. Dairekta Patrice Chéreau na mwongoza okestra Pierre Boulez walizomewa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1976 kwa Pete ya Wagner yenye bwawa la umeme mahali pa mto. Onyesho lilipofika mwaka wake wa mwisho, 1980, lilishangiliwa kupita kiasi. Mara nyingine sikio linahitaji miaka minne.

Na wapo wanaokwama. Florence, Januari 2018, dairekta Leo Muscato aliubadilisha mwisho wa Carmen ya Bizet: badala ya Don José kumuua Carmen, Carmen anamnyang'anya bastola na kumpiga risasi yeye. Nia ilikuwa kupinga mauaji ya wanawake. Usiku wa kwanza bastola ikagoma kulia. Lakini tatizo kubwa lilikuwa pengine: okestra bado inaomboleza alivyoandika Bizet, na Don José bado anaimba kwamba ndiye aliyeua. Unaweza kuubadilisha mkono ulioshika silaha. Nota hazikukubali kubadilika.

Kwa Carmen, sisi tungeanza na Khayelitsha. Filamu ya U-Carmen eKhayelitsha, iliyoongozwa na Mark Dornford-May, Pauline Malefane akiimba Carmen kwa Kixhosa, ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2005. Muziki ni wa Bizet, kiwanda cha sigara ni cha mtaa wa Cape Town, na hakuna mahali unapoona wanaigiza Wahispania. Itazameni kabla ya Carmen yoyote ya Ulaya.

Hapo vijana wa kwaya huuliza: nasi je, tuimbe kwa Kiswahili? Inawezekana, na Kiitaliano kinatusaidia kuliko Kijerumani, kwa sababu maneno yake mengi huishia kwa irabu na mkazo wake mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Lakini tazameni mtego. Ule wimbo wa kumuaga Alfredo unaanza na neno la Kiitaliano "amami", na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, A, ambayo Verdi ameipa noti ya juu na ndefu. Ukitafsiri "nipende" unapata silabi tatu vilevile, lakini mkazo wetu uko kwenye "pe", na noti ndefu inaangukia "ni". Mwimbaji atavuta "niiii" pale pote, kama anaanza sentensi asiyoijua mwisho. Taarabu huvumilia mivuto ya namna hiyo, hapa inachechemea. Dawa ni kutafuta neno ambalo silabi yake ya kwanza ndiyo yenye mkazo, "penda" kwa mfano, kisha kupanga upya sentensi inayofuata, hata kama maana ya neno kwa neno itapotea. Tafsiri ya kuimbwa hujaribiwa kwa mdomo, na mwimbaji ndiye mwamuzi.

Tusisahau kwamba tafsiri nayo ni uongozaji. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice, alitoa mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja amekuwa mabepari, na kabla hujafungua ukurasa umekwisha kuambiwa usimame upande gani. Dairekta yeyote wa opera angemwelewa mara moja.

Riwaya sasa. La traviata ilitoka kwenye riwaya ya Alexandre Dumas mdogo ya mwaka 1848, aliyoigeuza mchezo wa jukwaani uliochezwa 1852. Nyuma yake yuko mwanamke halisi, Marie Duplessis, aliyefariki Paris mwaka 1847 akiwa na miaka 23. Ushauri wetu ni kuisoma baada ya kuitazama opera mara mbili, si kabla. Riwaya inaanza na mnada wa vyombo vya marehemu, watu wakipekua vitu vyake. Kijana, anayeitwa Armand humo, hakuwahi kumwona tena akiwa hai, na anafika hadi kufukua kaburi ili aamini. Kwenye opera Alfredo anawahi. Ukiisoma riwaya kwanza utamwona Verdi ameilainisha hadithi. Ukiisoma baadaye utasikia jambo jingine: katika tendo la mwisho Violetta anasoma barua ya baba yake Alfredo kwa kusema, haimbi, huku fidla ikipiga taratibu wimbo wa mapenzi aliouimba Alfredo katika tendo la kwanza, kisha anasema tu kwamba ni kuchelewa. Ule upweke wa riwaya haukutupwa. Verdi ameuweka kwenye dakika hiyo moja.

Kuna pia riwaya ambazo watu wake huenda kwenye opera. Tolstoy, katika Vita na Amani, anamweka Natasha ukumbini na kueleza jukwaa kwa macho ya asiyejua kanuni: mbao zilizopakwa rangi, mwanamke mnene ameketi, watu wanapunga mikono. Ni dawa nzuri kwa mgeni anayeona haya kwa kutoelewa. Emma, wa riwaya ya Flaubert ya Madame Bovary, yuko Rouen, anatazama Lucia ya Donizetti na kuona maisha yake mwenyewe. Huo ni ugonjwa wa pili, wa kuelewa kupita kiasi. Ile riwaya ya jini wa nyumba ya opera ya Paris, ya Gaston Leroux, ni ya kusisimua zaidi kuliko ya muziki, ila tangi la maji chini ya jengo lile lipo kweli, na uzito wa taa kubwa ulianguka kweli mwaka 1896 na kuua mtu.

Tumalizie na ukumbi, maana onyesho zuri huuawa na waya. Kwa watu 40 projekta na shuka jeupe vinatosha, lakini spika za ndani ya projekta hazitoshi kabisa. Tafuteni spika mbili ziwekwe kila upande wa shuka, kimo cha kichwa cha aliyeketi. Ziunganishwe kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, mdomo wa mwimbaji unafunga kabla noti haijafika, na watu watacheka pale pa kulia. Zimeni ile nyongeza ya besi ya subufa. Imetengenezewa bongofleva, hapa itazifunika sauti za kati, na ndiko waimbaji wanakokaa. Pimeni sauti kwa mahali penye kelele zaidi, yaani karamu ya tendo la kwanza, kisha msiiguse tena. Mtu akipandisha kwenye kimya, karamu itapasua spika.

Pakueni mapema. Saa mbili kwa ubora wa 480 hula karibu GB 1 hadi 1.5, na ubora wa juu zaidi hula mara mbili au zaidi. Bando likikatika tendo la tatu, jioni imekwisha. Tovuti ya OperaVision huonyesha opera nzima bure, zenye maandishi ya tafsiri, ila kila moja hukaa kwa miezi kadhaa tu kisha huondolewa. Maandishi hayo ni ya Kiingereza na lugha za Ulaya, hivyo andikeni muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, tendo kwa tendo, na mtu mmoja ausome kwa sauti kabla ya kila tendo. Asisome katikati. Epukeni pia miezi ya mvua kama ukumbi ni wa bati lisilo na dari. Mvua ya Januari ya hapa kwetu haijali fidla.

Leo tutasikia utangulizi mara tatu, waongoza okestra watatu, na hatutawaambia nani ni nani hadi mtakapokuwa mmebishana. Kijana uliye karibu na swichi, tafadhali zima feni zote mbili za mbele. Na mlango wa upande wa barabarani nao ufungwe. Zile fidla za mwanzo ni ndogo sana.